Wazo la Leo: Mtoto wa Mbali

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni anayeasili mtoto wa Kitanzania awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na amemlea mtoto huyo walau miezi mitatu. Miaka ni sawa. Miezi naiona michache. Mtoto wa Dumila, pale njia ya Kilosa inapochepuka kutoka barabara ya Morogoro–Dodoma, amezoea makelele ya wauza nyanya wanaokimbilia mabasi. Ukimya wa nyumba ya ng'ambo utamnyima usingizi. Atalia kwa Kiswahili (wala si deko), basi abembelezwe kwa Kiswahili. Jina lake liacheni. Na shangazi aliyebaki Dumila apigiwe simu, mtoto amuulize leo wamepika nini.