Kusamehe Hakufuti Gharama ya Dawa

Somo: Kutoka 21:18-19

Mwezi huu tunaomba kila nyumba yenye Biblia isome mistari hiyo miwili kwa sauti, kisha tuitafakari pamoja.

Musa anasema habari za watu wawili waliogombana. Mmoja amempiga mwenzake kwa jiwe au kwa ngumi. Aliyepigwa hakufa, lakini amelala kitandani. Akiinuka na kutembea kwa fimbo, aliyempiga hatahesabiwa kuwa muuaji. Hata hivyo anabaki na deni la mambo mawili: alipe siku ambazo mwenzake hakuweza kufanya kazi, tena amuuguze mpaka apone kabisa. Angalieni, ndugu zetu: Mungu aliyeumba mbingu na nchi anahesabu hata siku za kazi za mtu aliyelala kwa ajili ya jeraha.

Sisi wazee wa kanisa hatukuzihesabu, nasi tunaungama jambo hilo mbele yenu. Wakati wa kiangazi, ndugu wawili waligombana kwenye foleni ya maji, mmoja akamvunja mwenzake mkono. Tuliwaita Jumapili iliyofuata, tukaomba, tukawaambia wapeane mikono. Yule aliyeumizwa alitoa mkono wa kushoto, maana wa kuume ulikuwa umefungwa. Kanisa likaimba, nasi tukaandika kwamba neno limekwisha.

Halikwisha. Mke wake alilima shamba peke yake. Vibarua hakupata, na mbuzi wao mmoja aliuzwa kwa ajili ya dawa. Baadaye tuliona kwamba ndugu yule haji tena kwenye Meza ya Bwana. Tulipomtembelea alitujibu hivi: "Bazee, nilimsamehe. Lakini ninyi mliuliza habari ya moyo wangu tu. Habari ya mkono wangu hamkuuliza."

Wapendwa, neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumemtwika aliyeumizwa mizigo miwili, kusamehe na kulipa. Aliyeumiza hatukumtwika hata mmoja.

Wengine watasema kwamba Bwana wetu alifundisha kugeuza shavu la pili, Mathayo 5:39. Ndiyo, na neno hilo tunalishika. Linatukataza kisasi, na linatukataza kukusanya vijana wa kabila letu usiku na fimbo. Lakini halimpi mpigaji ruhusa. Yesu mwenyewe alipopigwa mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimtaka aliyempiga aeleze sababu (Yohana 18:22-23). Naye Paulo, baada ya kupigwa kule Filipi bila hukumu, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Alitaka wakuu waje wenyewe (Matendo 16:37).

Wengine watatukumbusha 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu wasipelekane mahakamani. Lakini pale Paulo anauliza kama hakuna mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Sisi hatukuamua. Tulifunika.

Basi tujue pia sheria ya nchi iliyotupokea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatutaka tutii sheria za Uganda, na pia inatupa haki ya kufika mahakamani. Kwa sheria ya makosa ya jinai, kumpiga mtu, hata bila kumjeruhi, kunaweza kumfunga mpigaji mpaka mwaka 1. Akimjeruhi, mpaka miaka 5. Akimletea madhara makubwa, kama kumlemaza kiungo, mpaka miaka 7. Na wanaume wasikie: nyumba si mahali pa kujificha. Tangu mwaka 2010 kuna sheria ya ukatili wa nyumbani, na anayempiga mkewe anaweza kufungwa mpaka miaka 2, au kutozwa faini, au vyote viwili.

Lakini kifungo peke yake hakinunui dawa. Ndiyo maana mahakama inayomhukumu mpigaji inaweza pia kuamuru amlipe fidia aliyeumizwa. Na kando ya kesi ya jinai, aliyepigwa anaweza kufungua madai yake mwenyewe. Kwa hiyo, ukipigwa ukaumia, nenda polisi mapema, uombe fomu inayoitwa PF3, uipeleke kwa mganga aandike majeraha yako kabla hayajafunga. Tunza karatasi za hospitali na risiti za dawa. Andika siku ambazo hukufanya kazi, kama Musa alivyoagiza zihesabiwe.

Tangu sasa, wazee tumekubaliana hivi. Ugomvi wa maneno tutausikiliza. Mtu akijeruhiwa, akipigwa mwanamke au mtoto, hatutamwambia asiende polisi, na mmoja wetu atamsindikiza. Hatutapokea kuku wala soda kuwa mwisho wa neno la damu. Aliyepiga akitubu, tutamuuliza kwanza: dawa umelipa? Shamba la mwenzako nani analilima? Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anasikitika tu. Alitaja na kiasi atakachorudisha (Luka 19:8).

Kwa ndugu yule wa foleni ya maji, tulirudi kwa aliyempiga. Alikuwa hana fedha. Alikubali kulima shamba la mwenzake msimu mzima, na kulipa gharama ya matibabu kidogo kidogo. Tulimwona asubuhi na mapema akipalilia mahindi yasiyo yake. Mwezi uliopita wote wawili walikuja kwenye Meza ya Bwana, na mara hii walipeana mkono wa kuume, ingawa wa mmoja bado haujanyooka vema.

Wewe uliyepigwa, usione haya kudai dawa yako. Kudai si kukosa upendo. Wewe uliyepiga, usingoje polisi wakufuate. Inuka leo, nenda ukamuuguze mwenzako. Nasi wazee, Mungu atusamehe, asitupe tena amani ya mdomoni.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote. Amina.

Wazee wa Kanisa