Mkongojo wa mzazi: nani mwenye uamuzi?

Wengi wetu tulioko mijini, Mwenyezi Mungu akitujaalia riziki kidogo, tunawakumbuka wazee tuliowaacha vijijini. Tunanunua mkongojo, miwani au kiti cha magurudumu, tunapakia kwenye basi. Miezi ikipita tunaambiwa kifaa kimewekwa uvunguni. Lawama zinaanza: wazee wabishi! Je, ni ubishi kweli?

Nichukue mfano wa vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama Kibimba, mkoani Kagera. Ngara ni nchi ya vilima na migomba. Choo cha shimo kiko nje, na mvua ikinyesha njia inateleza. Kiti kilichotengenezwa kwa sakafu ya saruji kitapita wapi? Hata kizingiti hakivuki. Mzee anayekiacha ametumia akili yake.

Jambo la pili ni heshima. Mtu aliyesuluhisha kesi za ukoo mzima anaona chombo kile kinawatangazia majirani kuwa amekwisha. Lakini Nabii Musa (a.s.) alipoulizwa kuhusu fimbo yake, Qur'ani inatueleza kuwa alitaja kuiegemea na kuwaangushia majani kondoo wake. Ilikuwa fimbo ya kazi. Basi mzee naye akipewa miwani ya kumrudisha kwenye Msahafu wake, au mkongojo wa kumfikisha msikitini, ni rahisi zaidi akaupokea.

Wapo wanaosema mzazi alazimishwe, kwani akianguka na kuvunjika nyonga nani atauguza? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kumlazimisha mtu mzima mwenye akili timamu ni kumgeuza mtoto, na utiifu kwa wazazi haukomi magoti yao yanapochoka. Lakini kusema "kakataa mwenyewe" kisha ukakaa kimya, nako ni kukwepa wajibu.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele. Hayo ni mema. Ila hakuna sera inayojua kizingiti cha nyumba ya mama yako. Hilo ni lako wewe mwanawe.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, tuwaulize: "Mama, ni wapi panapokusumbua?" Huenda akajibu kuwa anachotaka ni mti wa kushikia chooni na kifusi njiani. Tuanzie hapo.