Wimbi la Bei ya Chipsi

Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ana msemo ambao wasanii wengi Kenya wanaujua: kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Msemo mtamu, lakini unauma kama keja yako ya Noonkopir ina ukuta mmoja wa maana na umeujaza nakala. Wangu una Wimbi Kubwa la Hokusai, na lile daraja la Hiroshige lenye watu wanaokimbia mvua. Zote zimechapishwa saiba na kubandikwa kwa gundi, kwa sababu mwenye ploti hataki kuona msumari.

Wageni huuliza, "Hizi si feki?" Swali ni halali. Lakini feki ya nini? Orijino ya Wimbi haipo, na si eti ilipotea. Hokusai alichora kwenye karatasi nyepesi, kama mwaka 1831 hivi. Fundi wa kuchonga akaigundisha karatasi hiyo juu ya ubao na kuukata ubao pamoja na mchoro, kwa hivyo mchoro ukafia kazini. Kisha mchapaji akapaka ubao rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua, ubao baada ya ubao, rangi baada ya rangi. Zikatoka maelfu ya nakala, zikauzwa kwa bei ya bakuli moja au mbili za tambi. Zile zinazolindwa kwa kioo kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani ni nakala pia, ila zina umri. Yangu ilinigharimu bei ya chipsi na soseji. Naona tuko ndani ya desturi.

Na Van Gogh aliinakili ile mvua ya Hiroshige kwa rangi ya mafuta mwaka 1887. Sijasikia mtu akisema Mungu alisinzia siku hiyo.

Jirani yangu hushona suruali kwenye kiwanda kimoja cha EPZ, Athi River. Alipoliona Wimbi hakusema lolote kuhusu wimbi. Aliuliza, "Na hawa walio kwenye mashua?" Nilikuwa nimeishi na picha hiyo miezi kadhaa bila kuwajali. Kuna mashua tatu, na wapiga makasia wameinama safu nzima, vichwa chini, kama abiria wa matatu inayokimbizwa. Halafu akauliza kama mzee huyo alifanya yote peke yake. Nikamweleza habari ya mchongaji na mchapaji, kwamba Hokusai ndiye aliyetia saini, na kwamba wao majina yao hayapo.

"Basi ni lebo," akasema. Suruali anazoshona huondoka nchini na jina la mtu mwingine kiunoni.

Hapo ndipo msemo wa Njau uliponigusa kwa upande mwingine. Wachongaji wale angalau walilipwa kwa kazi yao. Mashine ya saiba imewaondoa kabisa, na mimi nimebaki na jina la mmoja.

Kuna wanaouliza kwa nini Japani, ilhali niko Kajiado. Kando ya barabara ya Namanga huuzwa picha za moran na jua linalotua. Kwa nini nisinunue hizo? Sababu yao huwa kwamba kila mtu abaki na utamaduni wake, na mimi hiyo siinunui. Ile buluu ya Wimbi, buluu tunayoiona kuwa ya Kijapani kabisa, ni rangi iliyogunduliwa Berlin. Shanga nyingi za kioo zinazovaliwa na akina mama wa Kimaasai zimetoka Ucheki. Hakuna ukuta safi wa mtu mmoja.

Kinachonizuia ni kingine. Hokusai alifariki 1849, na sheria yetu hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ninapombandika, sioni ninayemnyima. Lakini yule moran kwenye turubai ana jina, ana simu, huenda ana ada ya shule ya kulipa, na sijui kama picha ile imewahi kumletea hata mia. Mwaka 2012 Louis Vuitton walitoa mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka, na Wamaasai wameanzisha shirika la kudai malipo kwa makampuni yanayotumia jina na mitindo yao. Kwangu mimi swali la nakala liko hapo: ni nani bado anangoja kulipwa? Kama hakuna anayengoja, bandika.

Ila jibu hilo linanipendelea sana, najua. Marehemu ni rahisi kumpenda, hatumi bili. Peterson Kamwathi yuko hapa Kenya, amechonga mbao na kuchapa kwa mikono yake mwenyewe, na kazi kama zake hazitoki saiba. Pesa zangu zote za ukutani zimeenda kwa mwenye mashine. Sina kodi ya miezi miwili ya kuweka kwenye fremu. Hilo ni kweli, na bado halimlipi mtu.

Jirani naye sasa anataka ya kwake. Ameuliza kama kijana wa saiba anaweza kulikata wimbi lote, abaki na mashua tu.