Mita 60 za nani?

Kutoka barabarani Mkuyuni kushuka ziwani, mtoto wa miaka mitano anafika bila kubebwa. Ugumu ni ukifika: mara nyingi kuna ukuta, geti, na mlinzi anayeitikia shikamoo ya mtoto kwa upole kisha anawarudisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tumezoea kuisoma kama kinga ya maji. Mimi naiona pia kama njia ya miguu ya familia isiyo na kiingilio cha Saanane wala hela ya soda hotelini. Mwenye ukuta atasema ziwa hajalichukua, lipo pale pale. Kweli, maji hayajahama. Lakini mtoto anayelichungulia kupitia upenyo wa geti amenyang'anywa kitu, hata kama hakuna hati inayokitaja.