Taa Yetu Ilipozimika: Neno la Majilio



Tumeingia tena katika majira ya Majilio, na hapa kwetu Ufipa Majilio huja pamoja na mvua. Mawingu yanakaa juu ya milima ya Mbizi, barabara zinateleza, na ngurumo zinasikika toka mchana hadi usiku. Katika siku hizi Kanisa hutukumbusha mfano wa wanawali kumi, ulioandikwa katika Mathayo 25:1-13. Tunaomba kila nyumba iusome mfano huo jioni ya leo, kisha irudi kwenye ukurasa huu.

Tuutazame vizuri mfano huo. Mara nyingi tumefundishwa kwamba wapumbavu walisinzia na wenye busara walikesha. Sivyo. Wote kumi walisinzia, wakalala. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walimpenda bwana arusi na kutoka kwenda kumlaki. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walikuwa na akiba ya mafuta, na watano hawakuwa nayo. Wala tofauti hiyo haikuonekana mchana. Ilionekana usiku wa manane.

Sisi wa parokia hii tumejifunza jambo hilo kwa aibu, na ni afadhali tuliseme wenyewe kuliko kusemwa.

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba kwa sadaka ya mavuno tulinunua taa ya sola ya kubebeka: bamba dogo la wati 10, kisanduku chenye betri, na balbu mbili. Tuliiweka mbele ya madhabahu tukasema ni ya dharura, kwa ajili ya mgonjwa, msiba, mafuriko, au mama anayejifungua usiku. Tukaiombea, tukaifungia kabatini. Usiku mmoja wa mvua zilizopita radi ilipiga na umeme ukakatika. Yapata saa sita ya usiku hodi ikapigwa. Alikuwa kijana wa pikipiki, ametumwa kutoka zahanati ya kijiji jirani. Mama mmoja alikuwa katika uchungu, na pale zahanati palikuwa giza.

Tulilifungua kabati kwa furaha, kwa kuwa tulijiona watu waliojiandaa. Tukabonyeza swichi. Haikuwaka. Kwa siku tatu tulikuwa tumechaji simu zetu katika kisanduku kile, na kwaya ilikuwa imewashia redio yake. Siku hizo tatu zilikuwa za mawingu, na hakuna aliyelitoa bamba nje. Kila mmoja alidhani mwenzake amelitoa.

Mama yule alijifungua kwa mwanga wa taa ya pikipiki iliyosogezwa mpaka mlangoni. Kwa rehema za Mungu na kwa mikono ya muuguzi, mama yu hai na mtoto yu hai. Lakini tulipokwenda kuwaona kesho yake, muuguzi alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema kwamba alipokuwa akitafuta damu inatoka wapi, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinamzuia kuona.

Ndugu zetu, hapo hatuwezi kuilaumu radi, wala zahanati, wala wenye umeme. Taa ilikuwako. Waliokabidhiwa tulikuwa sisi.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya usiku mmoja tu." Basi tuiangalie nchi yetu. Tarehe 13 Desemba 1910, katika Majilio kama haya, ardhi ya Rukwa ilitetemeka kwa nguvu ambayo wataalamu wanaikadiria kuwa karibu 7.4. Ni mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa ya Afrika katika karne yote ya 20. Ufa wa Kanda, unaopita katika nyanda hizi tunazolima, ni alama ya ardhi ambayo haijamaliza kusogea. Wenzetu wa Kagera walitikiswa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko dogo kuliko lile, nalo likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi.

Tena, mji wetu wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulipokea umeme wake kutoka nchi jirani ya Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya ziwa Kariba, Zambia yenyewe ilikaa gizani saa nyingi kila siku. Tulikumbushwa kwamba mwanga wa sebuleni unaweza kutegemea mvua iliyonyesha, au isiyonyesha, mbali sana na nyumba yetu.

Wengine husema kwamba kujiandaa namna hii ni kukosa imani, kwani Mungu atatulinda. Tuwajibu kwa upole. Yusufu hakukosa imani alipoweka sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka 7 ya shibe. Mungu ndiye aliyemfunulia njaa inayokuja, na ghala ndiyo iliyokuwa njia ya ulinzi wake. Na wazee wetu wa Kifipa, je? Mvua ilipokaribia kwisha waliyafukia majani katika matuta ya ntumba, wakayaacha yaoze, ili msimu wa pili ardhi iwe na rutuba. Hakuna mzee aliyelima ntumba siku ya kupanda. Alijua kwamba chakula cha mwakani hutengenezwa mwaka huu.

Ndivyo ilivyo na taa hii. Wanawali wenye busara hawakuwa wachoyo walipokataa kugawa mafuta. Yako mambo ambayo hayaazimiki usiku wa manane. Jua la mchana haliitwi usiku, hata kwa maombi na machozi. Bamba la wati 10, likipata saa tano za jua zuri, hujaza nguvu ya kuwasha balbu ya wati 3 kwa saa kumi hivi au zaidi kidogo. Kila simu ya kisasa tuliyoijaza pale ilikula kama saa tano za mwanga huo. Hatukuiba fedha ya Kanisa. Tuliiba usiku wa mama mmoja.

Kwa hiyo Halmashauri ya parokia imepatana hivi, nasi tunawaomba wenye taa za namna hii majumbani wafuate vivyo hivyo:

Kwanza, taa ya dharura ni ya dharura. Simu itachajiwa humo kwa ajili ya kumwita mganga au kuomba msaada tu.

Pili, bamba litatolewa nje kila asubuhi, hata siku ya mawingu, maana kidogo ni bora kuliko sifuri. Lielekezwe kaskazini na kuinamishwa kidogo, kwa sababu sisi tuko kusini ya Ikweta. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Dalili ya radi ikionekana, liingizwe ndani.

Tatu, taa ikitumika usiku, ijazwe kesho yake bila kukawia. Betri inayoachwa tupu kwa muda mrefu hufa kabisa.

Nne, ufunguo utakuwa kwa watu wawili wanaokaa karibu na kanisa, na majina yao yatabandikwa mlangoni.

Tano, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi taa itawashwa mbele ya usharika wote, ili sote tuone kwa macho kama inawaka.

Msidhani kwamba kitu kidogo hakifai. Mwaka 2008 daktari mmoja Mmarekani, Laura Stachel, aliona nchini Nigeria jinsi akina mama walivyojifungua katika hospitali isiyo na umeme wa kuaminika. Yeye na mumewe, Hal Aronson, wakatengeneza sanduku la sola la kubebeka, lenye taa za kuzalishia. Masanduku hayo leo yamefika nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo.

Tena tukumbuke taa hii ni ya nani. Sisi Waanglikana tu wachache katika nyanda hizi. Atakayepiga hodi usiku huenda akawa Mkatoliki, Mmoraviani, Mwislamu, au mtu asiye na dini. Asiulizwe cheti cha ubatizo. Aulizwe ni wapi, kisha taa ibebwe.

Mwisho, wapendwa, tusiishie kwenye betri. Tarehe ile ile 13 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Lusia shahidi, ambaye jina lake lina maana ya nuru. Kila mmoja wetu alikabidhiwa nuru katika ubatizo wake. Je, inajazwa lini? Sala iliyoachwa kwa majuma mengi, ugomvi usiopatanishwa, sadaka ya ahadi isiyotolewa, hayo hayaonekani mchana. Tunakaa katika viti vile vile, tunaimba nyimbo zile zile, na wote tunaonekana tuna taa. Usiku wa manane ndio utakaotutenga. Tutengeneze sasa, kungali mchana.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetupa jua bila bei, utusamehe usiku ule tulipokuwa na taa bila mwanga. Umbariki mama yule na mwanawe. Utufundishe kuweka akiba kwa ajili ya wengine, ili utakapopiga hodi kwa mkono wa jirani yetu, au utakapokuja wewe mwenyewe katika utukufu, utukute tunawaka. Amina.