Je, Asiyesema Hahuzuniki?



Tukifiwa hapa Bukoba na Muleba, kila mtu ana nafasi yake msibani. Wapo wachimbao kaburi kibanjani, wapo watekao maji, wapo waimbao. Lakini yupo mmoja tusiyempa nafasi mara nyingi: mtu mzima mwenye usonji na ulemavu wa akili, asiyeweza kusema. Huyo twampeleka kwa jirani mpaka maziko yaishe, wala hatumwambii ya kuwa mama yake amekufa. Twasema, "Haelewi." Je, ni haki kufanya hivyo?

Hana alipoomba huko Shilo (1 Samweli 1), midomo yake ilitikisika, wala sauti haikusikiwa. Naye kuhani Eli akamdhania amelewa. Eli hakuwa na chuki. Alihukumu upesi lile aliloliona. Nasi twaanguka katika kosa lilo hilo. Mtu huyu akiacha kula, akikesha usiku, akijipiga kichwani, twasema, "Ndivyo alivyo." Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake huko Marekani walionyesha ya kuwa hata wataalamu hukosa hivyo: wakisha kuona ulemavu wa akili, hawautambui upesi ugonjwa wa akili ulio pamoja nao.

Basi tusimlinganishe na watu wengine, bali na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kama alipenda kuanika kahawa, na sasa haigusi. Kama alivaa nguo zake mwenyewe, na sasa hawezi. Huenda hiyo ni sonona. Nayo hufuata mara nyingi kifo, au kuhama nyumba, kama wengi walivyohama baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016. Maana mwenye usonji hushika sana utaratibu wa kila siku, na ukivunjika ghafula, huumia.

Labda mtu atasema, "Kumwambia habari za kifo ni kumwumiza bure." Lakini amekwisha kuumia. Kiti cha mama ki wazi, na mkono uliompa chakula haupo. Hatuwezi kumzuia asijue. Twaweza tu kumwacha ajue peke yake, au kujua pamoja naye.

Kwa hiyo yatupasa kumwambia kwa maneno machache yaliyo wazi, kumwonyesha kaburi, na kuzishika saa zake za kula na kulala. Tena tumpeleke hospitalini, Ndolage au Bukoba mjini, tumweleze daktari amebadilika tangu lini. Kwa maana huenda ni jino au tumbo limwumalo. Sonona ni ugonjwa wenye matibabu, si laana, wala si dhambi ya wazazi.

Nanyi wainjilisti, mkiwazuru wafiwa, ulizeni habari za aliyefichwa chumba cha ndani. Eli alipoambiwa kweli, aligeuka akambariki yule mwanamke. Nasi tugeuke.