Haki ya Kuchagua Mahali pa Mji

Kuchagua mahali pa mji ni kuwachagulia watu maji, njia, majirani na makaburi. Kazi hii aghalabu hukabidhiwa wapimaji wa ardhi. Je, vipimo vyao vyatosha?

Kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako katika kiangazi jua huwa halichwi, mto Mackenzie huingia baharini kwa mikono mingi. Kando ya mkono mmoja ulikuwapo Aklavik, mji mdogo wa Wagwich'in na Wainuvialuit, na kituo cha serikali, makanisa na biashara ya ngozi. Ardhi yake ilikuwa udongo laini uliochanganyika na barafu. Udongo ulipopata joto la nyumba ulilegea. Mto uliumega ukingo. Masika ya kuyeyuka barafu yalileta mafuriko. Mwaka 1953 serikali ilikata shauri kuuhamisha mji. Mwaka uliofuata mahali kadhaa, mashariki na magharibi, palikaguliwa, pakapewa namba kama mizigo bandarini. Palipopendelewa ni Mashariki ya Tatu: pa juu, penye changarawe, penye kina cha kupitisha vyombo na nafasi ya uwanja wa ndege.

Wapimaji hawana lawama. Hospitali haiwezi kusimama juu ya tope kwa sababu mzee mmoja alipenda tope lile. Lakini mwindaji wa Aklavik naye alikuwa na kipimo chake: mitego iliyo karibu, samaki, kaburi la baba. Hakulazimishwa kuhama, na hapa ndipo penye ugumu. Serikali ilikuwa na haki ya kuhamisha hospitali, shule na ofisi zake. Ilipozihamisha, ilimwachia hiari nyembamba mno, afuate dawa au abaki na mitego. Wengi walibaki. Aklavik, uliodhaniwa utakufa, una watu mia kadhaa hata leo.

Mji mpya uliitwa Inuvik mwaka 1958, yaani mahali pa watu, na Waziri Mkuu John Diefenbaker akaufungua mwaka 1961. Nyumba zilipandishwa juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe ardhi. Mabomba ya maji safi na maji machafu yalipitishwa juu ya nchi, ndani ya masanduku marefu, yasigande. Yalifika katika nyumba za watumishi wa serikali, upande wa mashariki. Upande wa magharibi, walikokaa wenyeji wengi, uchafu ulitolewa kwa ndoo.